Ukoko wa Jibini na Pua ya Bi Filogonia

Siku hizi mikahawa ya mjini Oaxaca inauza ukoko wa jibini uliokunjwa kama barua, umewekwa kwenye sahani nyeupe na jani moja la kupambia, na mhudumu anakwambia ni ubunifu wa mpishi wao. Ubunifu! Nikisikia hivyo damu inanichemka. Ukoko huo ulizaliwa huku kwetu Reyes Etla, kwenye majiko ya kuni, na ukitaka nikutajie nyumba nitakutajia: nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Filogonia. Majirani watakwambia ulizaliwa kwao. Wasikilize kwa adabu, kisha uje kwetu ule.

Mimi mwenyewe si mzaliwa wa hapa. Naitwa Nereida, nimetoka Ocotlán, upande wa pili wa bonde, kwa watu wanaojua kufua visu na hawajui jibini. Nilipoolewa na Abundio, miaka kumi na tisa iliyopita, mama yake alinitazama nikikata maziwa yaliyoganda kwa mara ya kwanza, akamwambia mwanawe mbele yangu, "Sura anayo. Basi, tutamtumia kufagia."

Nilifagia mwaka mzima. Mwaka wa pili akaniruhusu kushika ndoo.

Bi Filogonia ana miaka sabini na miwili. Ni mfupi, mabega mapana, na mikono yake inaingia kwenye maji ambayo wewe na mimi tusingeyagusa hata kwa kijiko. Alianza kazi akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ili aufikie ukingo wa pipa. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na nne na watoto wanne. Kesho yake alfajiri ng'ombe walikamuliwa kama kawaida, naye akavuta jibini huku analia, machozi yakidondokea mezani. Mpaka leo husema kwamba siku ile hakuongeza chumvi. Ukimwonea huruma anakufukuza jikoni.

Kazi yenyewe ni hivi. Maziwa ya asubuhi yanatiwa kigandishi, yanakuwa mgando, na mgando unaachwa kwenye pipa uchachuke. Ukishachachuka kiasi chake, unamwagiwa maji ya moto na kukandwa, nao unageuka kuwa kitu kinachovutika. Unauvuta utepe mrefu mezani, mrefu kuliko nyumba yenyewe, unautia chumvi, unauzungusha kama uzi mpaka unakuwa mpira. Hilo ndilo jibini letu la nyuzi. Kijijini wanasema lilianzishwa na binti aliyeachwa kulinda mgando, akasahau, ukachachuka kupita kiasi, akaumwagia maji ya moto ili kuficha kosa lake. Binti huyo ana bahati ya ajabu, kwa sababu kila nyumba hapa inadai alikuwa bibi yao.

Ugumu wote uko kwenye kujua saa ya maji ya moto. Ukiwahi, mgando haunyooki. Ukichelewa, unamomonyoka kama makapi, na nguruwe wanakula karamu. Wanawake wengi huchovya kijipande kwenye kikombe cha maji ya moto na kukivuta waone. Bi Filogonia hakuwahi kuchovya. Yeye alifunua pipa, akainama, akavuta pumzi mara moja, akasema "Bado" au "Sasa." Basi. Miaka hamsini hakukosea, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuitazama ile pua ikifanya kazi. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Bi Brígida, komadre wake, yaani mama wa ubatizo wa Abundio, naye anatengeneza jibini, na jibini zuri, sitasema uongo. Lakini Brígida huchovya. Mama mkwe wangu akitamka neno hilo, utadhani anamtaja mtu anayeiba.

Na wakati wa kungoja pipa, ndipo ukoko unapopatikana. Mama hutupa konzi ya mgando kwenye kikaango cha udongo kilichoshika moto. Unatandaa, unatoa povu, pembe zinaanza kubadilika rangi na kunyanyuka zenyewe. Unaubandua kwa kucha, unauzungusha ungali laini, na ukihesabu mpaka kumi umekauka kau. Kuna wanaoula na panzi waliokaangwa kwa ndimu na kitunguu saumu. Kuna wanaouchovya kwenye pilipili ya kusaga. Mimi naula mtupu, nimesimama, unanichoma vidole, na unavyovunjika mdomoni sisikii mtu ananiambia nini. Abundio anajua: akitaka kuniomba jambo gumu, huniomba wakati huo. Ndivyo tulivyonunua trekta.

Kila tarehe sita Januari tunasherehekea Wafalme Watakatifu, yaani Mamajusi, wasimamizi wa kijiji. Familia moja hubeba sikukuu ya mwaka ule, na mke wa nyumba hiyo humchagua mwanamke mmoja wa kutengeneza jibini la wageni wote. Mwanamke huyo hukaa kwenye jiko la kwanza, pale mlangoni ambapo hakuna anayeingia bila kumwona, na kipande cha kwanza cha ukoko humpa mwenye sikukuu mkononi, mbele ya watu. Kwa miaka thelathini na mmoja jiko la kwanza lilikuwa la Bi Filogonia. Kuondolewa pale si aibu ya kunong'onwa. Ni aibu ya kuonwa na wageni mia tatu.

Novemba iliyopita alishikwa na mafua makali. Akalala siku sita, yeye ambaye hata alipojifungua hakuwahi kulala zaidi ya mchana mmoja. Akaamka, akarudi pipani, tukashukuru.

Mapema Desemba pipa la kwanza likaharibika. Alisema ni ng'ombe, wamekula kitu. Wiki iliyofuata pipa la pili likamomonyoka mikononi mwake. Alisema ni kigandishi. Nilipoonyesha kwamba kigandishi ni kile kile, akasema ni Abundio, amefunika pipa vibaya. Abundio siku hiyo hakuwepo hata nyumbani.

Kisha nikaingia jikoni nikakuta maharage yanaungua, moshi umejaa, na mama amekaa hatua mbili kutoka sufuriani anashona kitufe.

"Mama! Maharage!"

"Nayaona."

"Unayaona? Yameungua mpaka harufu imefika barabarani!"

"Si nimesema nayaona? Nilitaka yakauke kidogo."

Niliepua sufuria. Lakini mimi si mtu wa kuacha jambo. Asubuhi iliyofuata nilitengeneza kahawa ya maziwa, sukari nyingi, nikaimimina kwenye bakuli lake la kunywea chokoleti ya asubuhi na kuipiga mpaka ikatoa povu. Kumtega mzee si jambo la kujivunia, najua. Alikunywa nusu, akapangusa mdomo, akasema, "Leo chokoleti yako imekubali, Nereida."

Miaka kumi na tisa nilingoja asifu chokoleti yangu. Siku aliyoisifu ilikuwa kahawa.

"Mama," nikamwambia, "hiyo ni kahawa."

Alitazama ndani ya bakuli muda mrefu. "Nyie watu wa Ocotlán mna roho mbaya," akasema, bila nguvu.

"Tangu lini hunusi?"

"Tangu yale mafua. Niliamka, nikafunua pipa, nikakuta halina harufu. Nikadhani pipa ndilo bovu." Akaliweka bakuli chini. "Wala chakula sikionji. Natafuna tu kama mbuzi. Ukimwambia mtu, nakurudisha kwenu na ufagio wako."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakungoja kifo, Brígida alitosha. Kuona nguruwe wetu wamenenepa ghafla kulimpa jibu, na kabla ya Krismasi kijiji kizima kilikuwa kinaulizana habari za pua ya Bi Filogonia. Siku mbili baada ya Krismasi akaja Otilia, ambaye mumewe ndiye aliyebeba sikukuu ya mwaka huu. Ni mwanamke kijana, mpole, na alikuja na mkate mtamu mkononi. Mkate ule ulinitisha kuliko kama angekuja na kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, nasikia mwaka huu maziwa yanakusumbua."

"Unasikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wana jina, binti yangu. Hao wanaitwa Brígida."

Otilia aliona haya, lakini hakuondoka. "Wageni ni mia tatu, mama, siwezi kubahatisha. Tarehe nne nitapita hapa. Nikikuta jibini limefungwa mipira, jiko la kwanza ni lako kama siku zote. Nisipolikuta, itabidi nimwombe Bi Brígida. Amesema yuko tayari."

"Huyo yuko tayari tangu mwaka tisini na nne," akasema mama mkwe wangu. "Njoo tarehe nne. Na mkate wako mzuri, asante." Mkate wenyewe aliutafuna bila kujua kama ni mkate au sifongo.

Otilia alipotoka nikafunga mlango. "Mama, dawa ipo. Tutachovya. Mimi nitachovya, wewe kaa mbali, hakuna atakayejua."

"Heri nife."

"Utakufa kwa kikombe cha maji ya moto?"

"Nikichovya, Brígida amenishinda hata kama hajui. Mimi nitajua."

Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo mkwe hapaswi kumwambia mama: kwamba majivuno hayaliwi, kwamba atatuaibisha sote kwa sababu ya kikombe. Alinipa mgongo. Baadaye akatupa konzi ya mgando wa siku hiyo kwenye kikaango, kwa mazoea tu, akasimama pale. Ghafla akainua kidole.

"Bibi yangu hakuwa na pua," akasema.

"Hakuwa na pua vipi?"

"Pua ilikuwepo usoni. Haikufanya kazi. Surua ilimla harufu akiwa mtoto. Nawe ulidhani tunatupa mgando motoni ili watoto wafurahi? Mwanamke maskini hatupi jibini kwa watoto kila asubuhi bure. Bibi alikuwa anausikiliza. Ulimwambia kama bado au tayari, na alipomaliza kusikiliza, sisi wajukuu tulikula kipimo." Akacheka, mara ya kwanza tangu Novemba. "Mimi nilipojaliwa pua nikaacha kusikiliza. Nikabaki kutupa tu."

Nilikaa chini. Kitu hicho nimekila miaka kumi na tisa nikidhani ni anasa. Kumbe kilikuwa mizani ya mwanamke asiyenusa! Wale wapishi wa mjini na sahani zao nyeupe, natamani mmoja wao angekuwepo asikie.

Tukaanza kujifunza upya. Kila siku tulichukua konzi kwenye pipa mara sita, mara saba, tukaitupa kikaangoni. Mgando mchanga unalia chwaa, majimaji mengi, kisha unalala kama uji. Uliopita saa unatoa mafuta kimyakimya, hausemi kitu. Uliofika unalia taratibu, mapovu yake yanapasuka moja moja, unaweza kuyahesabu, na ukiubana kwa kidole unakuja na uzi. Kusema ni rahisi. Siku ya kwanza alikosea, siku ya pili alikosea, na nyumba nzima ilikuwa imepigwa marufuku kusema. Nilikuwa siruhusiwi hata kukohoa. Abundio alizimiwa redio. Jogoo wetu, ambaye hakupewa taarifa, aliwika katikati ya kipimo mara tatu, na mwaka mpya tukamla na mchuzi.

Siku ya tatu alipata. Siku ya nne alikosea tena, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufurahi. Tarehe pili alipata.

Tarehe nne tulikuwa na mapipa matano. Bi Filogonia aliinama juu ya kikaango, leso ameisukuma nyuma ya masikio yote mawili. Nilitupa konzi. Tukangoja. "Bado." Nusu saa baadaye nikatupa nyingine. "Bado." Mimi kwa macho yangu niliona umefika, nikafungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Robo saa. Konzi ya tatu ilitulia kikaangoni na kuanza kupasua mapovu yake polepole, na mimi nikayasikia. Mimi, mtu wa kufagia! Nilitaka kupiga kelele. Yeye alikuwa ameshainua ndoo ya maji ya moto.

"Sasa," akasema.

Jibini likanyooka. Lilinyooka kutoka mwisho wa meza mpaka mlangoni, jeupe, linang'aa, bila kukatika, na Abundio akasimama uani analipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Otilia alipofika saa nane mchana alikuta mipira mia moja na arobaini imepangwa. Alimshika mama mkono, akaubusu.

Siku ya sikukuu tulikaa kwenye jiko la kwanza, mimi nikichochea kuni. Bendi ilikuwa inapiga, wageni wanaingia kwa makundi. Mama alitandaza nyuzi za jibini kwenye kikaango, akabandua ukoko wa kwanza, mwembamba kama ganda la yai, akauweka mkononi mwa Otilia. Otilia alikula. Nilimwona anafumba macho. Watu wakapiga makofi, na nami nililia waziwazi. Sikuwa na sababu ya kujificha.

Foleni ikasogea mpaka ikamfikia Brígida. Alikuwa amevaa shali yake nzuri.

"Naona pua yako imepona, komadre," akasema, kwa ile sauti yake ya asali yenye pilipili. Foleni yote ilitega sikio.

Angeweza kusema ndiyo. Waliojua ukweli ni mimi na Abundio tu, na sisi tungekufa nayo.

"Haijapona," akajibu Bi Filogonia, wala hakushusha sauti. "Imekufa, na ulimi umeifuata. Ukinipa sabuni na mkate, nitakuuliza kipi ni kipi."

Otilia, aliyekuwa anakula kipande kingine karibu nasi, aliacha kutafuna. "Sasa hili umelitengenezaje, mama?"

"Kama bibi yangu. Kwa sikio. Kwenye kikaango hiki hiki mnachopangia foleni." Akabandua ukoko mwingine, akauzungusha vidoleni. "Nina shida moja tu. Nyote mmekula, na mimi peke yangu niliyelitengeneza sijui lina ladha gani. Nikimuuliza Nereida ataniambia ni zuri, kwa sababu ananipenda." Nilibaki na kuni mkononi. "Wewe, komadre, hunipendi kiasi hicho. Kula, uniambie ukweli."

Akamkabidhi. Brígida aliutazama ule ukoko kama mtu aliyeitwa mahakamani. Akauma. Ulivunjika kwa sauti tuliyoisikia sote. Alitafuna polepole, akauma tena.

"Mwanzo ni chumvi," akasema. "Chumvi kidogo. Halafu linakuja tamu, maziwa ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Pembeni limeungua kidogo, kama hindi la kuchoma. Na mwishoni kuna uchachu, mdogo sana, pale pale. Haukuzidi." Akapangusa macho na shali. "Pale pale hasa, komadre. Mimi kikombe changu hakijawahi kunipatia pale."

"Kwa hiyo ni zuri?"

"Ni zuri."

"Kuliko lako?"

Brígida alimeza kilichokuwa mdomoni, akainua kichwa.

"Kuliko langu."

Bi Filogonia, ambaye alikuwa amesikia mgando ukipasua mapovu moja moja kikaangoni, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Tarumbeta zinapiga, komadre," akasema. "Rudia."

Na Brígida akarudia, kwa sauti iliyowafanya hata wapiga tarumbeta wageuke.